Somo: Jeraniamu ya kudumu, kuanzia shimo hadi kugawa mizizi

Wapendwa, kabla ya kushika jembe, angalieni ua. Yale mekundu ya kwenye makopo, yaliyojaa barazani kuanzia Sakina hadi Njiro jijini Arusha, tunayaita jeraniamu lakini ni pelagonia, asili yake kusini mwa Afrika. Petali zake mbili za juu hutofautiana na tatu za chini. Jeraniamu ya somo la leo ina petali tano zinazolingana. Ua likinyauka, tunda huchongoka kama mdomo wa korongo, na jina lake la Kigiriki limetokana na ndege huyo. Tunda likikauka hufyatuka na kurusha mbegu.

Hatua ya 1. Chagua upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Hatua ya 2. Chimba futi moja, changanya udongo na samadi iliyooza kabisa. Mwaka mmoja niliharakisha nikaweka mbichi, na miche sita ikanifia.

Hatua ya 3. Panda masika yanapoanza, sentimita 40 kati ya mche na mche. Tandaza majani makavu ya mgomba, ila yasiguse shingo ya mmea, itaoza.

Hatua ya 4, ambayo wengi mnaiogopa: maua ya kwanza yakiisha, kata kichaka chote, ubakize vidole vinne tu juu ya ardhi. Mwagilia vizuri. Utaona vijani vimejikunja kama ngumi ya mtoto vikichomoza katikati. Msiyaonee huruma majani makuukuu, mapya yatachukua nafasi yake.

MASWALI

Mwanachama, Machame: Shikamoo mama. Nimechomeka kipande cha shina kama tunavyofanya kwa ile ya kopo, kimeoza.

Marahaba mwanangu. Ile ya kopo hushika kwa kipande, hii hugawanywa. Isubiri ifikishe miaka mitatu, ichimbue mwanzo wa mvua, ipasue kwa kisu safi. Kila pande libaki na mizizi na macho, yaani vichipukizi.

Mwanachama, Moshi mjini: Januari kingo za majani zinaungua. Niiingize ndani?

Hapana dada, ndani itadhoofu. Ihamishie chini ya migomba, na maji uyamwage asubuhi, mengi kwa mara moja, yafike mizizini.

Mwanachama, Usa River: Majani yana unga mweupe.

Huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu. Kata yote yaliyoshikwa uyatoe bustanini, kisha punguza msongamano hewa ipite. Itachipua upya.