Honda CB750 ya zamani: kuweka umeme wa kisasa na breki zinazoshika

Wenye CB750 za miaka ya 70 mliokata mkia mkaweka siti ya cafe racer (mtindo wa pikipiki za mbio za zamani), najua mnachokimbilia kwanza ni taa za LED na diski mbili mbele. Subirini kidogo. Mi nilianza na taa, nikahangaika wiki nzima pikipiki inazima hovyo, kumbe fremu ilikuwa imepakwa rangi upya na eshi ya bateri (waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu) imefungwa juu ya rangi. Kwangua hadi uone chuma, funga, paka grisi, alafu ndo tuendelee.

Kabla hujakata waya wowote zijue rangi za Honda: kijani ni eshi, nyekundu inatoka bateri, nyeusi inapata moto ukiwasha swichi, bluu mpauko ni indiketa ya kulia, chungwa ya kushoto, kijani yenye mstari wa njano ni taa ya breki. Ukitengeneza waya mpya fuata rangi hizo hizo, fundi atakayekuja baada yako atakushukuru.

Sasa chaji. Jenereta yake inatoa kama wati 210 tu na hapo injini iwe inazunguka vizuri, kwahiyo taa ya LED kwenye hii pikipiki sio urembo, inapunguza mzigo kweli. Rektifaya (inageuza umeme wa AC kuwa DC) na regyuleta (inazuia volti zisipande sana) za zamani zilikuwa vitu viwili, siku hizi unapata kimoja cha elektroniki, ila hapa ndo wengi wanaliwa hela: jenereta ya CB750 ina koili ya fildi, yaani koili inayolishwa umeme ili iwe sumaku, haitumii sumaku ya kudumu, so ile regyuleta ya pikipiki za kisasa ukiichomeka haitafanya kazi. Ulizia ya mfumo wa fildi. Ukishafunga pima bateri na multimita, ukivuta mafuta isome kama volti 14 hivi, ikipanda hadi 15 zima haraka.

Pointi (swichi za zamani zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche) toa, weka ignisheni ya elektroniki. Nyingi zinakaa palepale kwenye sahani ya pointi na zinaendelea kutumia advansi ya zamani ya springi (inayowahisha cheche injini ikizunguka kasi), kwahiyo kama springi zimelegea bado utasumbuka. Timing, yaani muda wa cheche, pima kwa taa ya strobu, usikisie kwa sikio.

Indiketa za LED zinataka flasha ya elektroniki (kifaa kinachozifanya zimulike na kuzima), na kama dashibodi ina taa moja tu ya indiketa, weka dayodi mbili (zinapitisha umeme upande mmoja tu), la sivyo ukiwasha kushoto zinawaka zote nne.

Breki. Hii ndo pikipiki iliyoleta diski ya mbele kwa watu wengi, 1969, na kwa wakati ule ilikuwa balaa, leo ukikaba unaanza kusali. Lakini mara nyingi tatizo sio diski moja, ni uchakavu. Kalipa (inayobana pedi kwenye diski) imekaa kwenye mkono unaotakiwa kucheza, pini yake ikishika kutu pedi moja inafanya kazi nyingine inatalii. Fungua, safisha hadi mfereji wa sili, pistoni yenye kutu tupa. Mpira wa kupitisha mafuta ya breki wa zamani unavimba ndani kwa ndani ukikaba, weka wa nyaya za stenlesi, hapo utadhani umebadilisha pikipiki.

Bado unataka diski mbili? Sawa, ila masta silinda (pampu iliyo kwenye lever ya breki) ya asili pistoni yake ni milimita 14, kwa kalipa mbili lever itafika kwenye mshikio, tafuta ya karibu 16. Na usiweke kubwa kwenye kalipa moja, itakuwa ngumu kama mbao na haishiki.

Mafuta ya breki weka DOT 4, funika tenki la petroli, yakidondoka yanakula rangi. Toa hewa, alafu funga lever na mpira ikiwa imekabwa, iache usiku kucha. Asubuhi ikiwa bado inazama angalia washa (pete) za kopa kwenye maungio ya mpira wa breki, zilizotumika usizirudishe.