Somo: "Awesome", neno la hofu lililogeuka sifa

Leo tunashika neno moja tu, maana nalisikia kila siku likitumiwa nusunusu.

Hatua ya 1: Litamke. Sema "oosam": o ndefu, mkazo mwanzoni, e ya mwisho haisikiki. Usianze na "au".

Hatua ya 2: Lijue shina lake. "Awe" ni hofu yenye heshima ndani yake, ile ya mtu aliyesimama mbele ya kitu kinachomzidi. Fungua Mwanzo 28:17. Yakobo ameota ngazi ifikayo mbinguni, anaamka anaogopa. Biblia yetu ya Union inasema mahali pale "panatisha". Ile ya Kiingereza ya NIV imeandika "awesome". Ukitafsiri "poa" hapo, umeuharibu mstari mzima.

Hatua ya 3: Lisikie mtaani. Marekani, hasa kuanzia miaka ya 1980, limekuwa sifa ya kila kitu. "The food was awesome": msosi ulikuwa balaa. Nasi tumepita njia hiyohiyo! Twasema ngoma kali, jamaa noma, goli la hatari. Kwa hiyo wanafunzi wangu nawaambia waanze na "kali" kabla ya kukimbilia "ya ajabu".

Ila limechuja. Mhudumu wa mgahawa kule ukishamtajia unachotaka kula, huenda akajibu "Awesome!" Hapo ni "haya, sawa", basi.

Hatua ya 4: Jua pa kuliacha. Kwenye barua ya kuomba kazi weka "excellent".

MASWALI

Mwalimu, "very awesome" ni sahihi?
Wenyeji husema zaidi "really awesome" au "absolutely awesome". Neno lenyewe limeshajaa, "very" haiongezi kitu.

Shikamoo mwalimu. Mbona "awful" nayo ina "awe" lakini ni mbaya?
Marahaba. Shina ni moja. Zamani yote mawili yalihusu kutia hofu. Moja likaelekea ubaya, jingine uzuri. Na bado Mwingereza akisema "awfully nice", anamaanisha nzuri mno.

Bosi wangu kaniandikia "Awesome, thanks". Kanisifu?
Ulimtumia nini, dada? Kama ni ripoti uliyoikeshea, pokea sifa yako. Kama ulimjulisha tu kwamba kikao ni saa nne, amesema "sawa, asante".