Jinsi ya Kuiongoza Fikra Yako Wakati wa Majadiliano

Kabla ya kuketi mezani, andika kiwango unachokitaka, kiwango ambacho hutashuka chini yake, na njia utakayoifuata iwapo makubaliano yatashindikana. Hilo la mwisho ndilo lenye nguvu zaidi, kwani asiye na njia nyingine hukubali hata lisilomfaa.

Jihadhari sana na namba inayotajwa kwanza. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambamo gurudumu lililopangwa kusimama kwenye 10 au 65 lilizungushwa mbele ya watu, kisha wakaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Kadirio la katikati la walioona 10 lilikuwa 25, na la walioona 65 lilikuwa 45. Ikiwa namba isiyohusiana kabisa na swali huivuta akili kiasi hicho, sembuse bei inayotamkwa kwa kujiamini? Basi, ukiwa umelichunguza soko vizuri, taja wewe kwanza. Na ukitajiwa bei usiyoiafiki, usianze kuipunguza kidogo kidogo, bali ikatae waziwazi na urejee kwenye karatasi yako.

Usidhani pia kwamba kila anachopata mwenzako umekipoteza wewe. Muulize kipi kina uzito kwake, kiasi cha malipo au muda wake (swali jepesi ambalo wengi, kwa maoni yangu, huliacha kwa kiburi tu), kisha umwachie lisilokugharimu ili naye akuachie unalolihitaji.