SOMO: Kuandaa warsha ya akili mnemba chuoni

Wakuu, hili ni kwa walioagizwa na idara waandae warsha ya siku moja kwa wahadhiri na wanafunzi wa uzamili.

1. Chagueni kazi moja: kutunga maswali ya mtihani, kuchambua madodoso au kupitia machapisho. Mada kama "Mustakabali wa Akili Mnemba" tumezisikia hadi basi tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, itoke Novemba 2022.

2. Mgeni rasmi dakika kumi. Najua itifaki zenu, lakini akichukua saa nzima, zoezi la hatua ya 3 limekufa.

3. Hapa ndipo penye kazi. Kila mshiriki aiombe programu ya akili mnemba, kama ChatGPT, marejeo matano ya mada ya tasnifu yake, kisha ayasake moja moja. Aanze na jina la makala kwenye Google Scholar, aende kwenye jarida lenyewe, aangalie toleo na kurasa, amalizie na DOI, ile namba ya utambulisho ya makala mtandaoni. Mtakuta mwandishi yupo, jarida lipo, makala haipo. Au DOI inafunguka vizuri kabisa, ila makala ni ya ufugaji wa samaki na wewe unatafiti malaria. Modeli, yaani mtambo wa lugha ulio ndani ya programu, hutabiri neno linalofuata, haiendi maktaba. Hata ikiunganishwa na mtandao, huweza kukupa makala ya kweli kwa hoja ambayo makala hiyo haikuisema, kwa hiyo fungueni na msome. Mhadhiri akikuta jina lake limebandikwa kwenye makala asiyoiandika, hahitaji slaidi tena.

4. Mahojiano ya utafiti yasipakiwe kwenye programu hizi kiholela. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ya Kenya ni ya 2019. Isomeni upya fomu ya ridhaa: je, mhojiwa aliambiwa maneno yake yatapelekwa kwenye kompyuta za kampuni ya nje?

MASWALI

Swali: Mkuu, vipi vile vigunduzi vya kuwakamata wanafunzi walioandikiwa kazi na akili mnemba?
Jibu: Usimfelishe mtu kwa asilimia ya kigunduzi. OpenAI, wenye ChatGPT, waliondoa cha kwao Julai 2023 kwa usahihi mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walivipima vigunduzi kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiokizaliwa nacho, na zaidi ya nusu zilisingiziwa kuwa za mashine. Wanafunzi wetu wengi nao wanaandika kwa Kiingereza cha kujifunza darasani. Mwite alete rasimu zake, aitetee kazi kwa mdomo.

Swali: Mwalimu, niiweke akili mnemba kama mwandishi mwenza?
Jibu: Hapana. COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, ilishalikataa: mwandishi ni anayeweza kuwajibika. Taja kwenye sehemu ya mbinu uliitumia wapi na kwa lipi.

Swali: Kwetu intaneti inakata kila mara, na ukumbi una soketi mbili.
Jibu: Majibu ya programu yachapeni jana yake, mwagawie karatasi. Wakae watatu watatu kwa simu moja yenye bando; kusaka marejeo hakuli data nyingi. Hela ya mabango ya ukumbini nunueni ekstensheni.