Kichefuchefu cha mimba: tafuna kabla hujainuka

Tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Usiku weka biskuti kavu mbili tatu karibu na kitanda. Ukiamka, zitafune ukiwa bado umelala, subiri dakika 15 hadi 20, ndipo uinuke taratibu. Mchana kula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, na maji uyanywe kati ya milo, si juu ya chakula.

Vidonge vya kuongeza damu navyo huchangia. Vihamishie usiku, baada ya kula kidogo, uvimeze kwa maji; chai na maziwa huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Usiviache kimya kimya, mwambie mkunga.

Ukitapika hata maji kwa saa 24, au mkojo ukawa mchache na mweusi kama chai ya rangi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.