Namna Msukumo wa Injini za Ndege Unavyopangwa Wakati wa Kuruka

Ndege ya abiria yenye injini za jeti haitumii nguvu zake zote kila inaporuka. Uzito ukiwa mdogo na njia ya kurukia ikiwa ndefu, marubani hupunguza msukumo, kwa kuwa joto kali ndani ya turbini ndilo linaloichakaza injini zaidi.

Kwanza kokotoa. Uzito, urefu na hali ya njia, vizuizi vilivyo mbele, upepo, kanieneo na halijoto huingizwa kwenye programu, nayo hutafuta msukumo mdogo kabisa unaotosha hata injini moja ikizimika katikati ya mbio, ili ndege ama isimame kabla njia haijaisha, ama iendelee kuruka salama.

Mbinu inayotumika zaidi ni ya halijoto ya kudhania. Injini nyingi hutoa msukumo kamili hadi karibu nyuzi 30 za Selsiasi usawa wa bahari; joto likizidi hapo, kompyuta hupunguza msukumo ili kuilinda turbini. Kwa hiyo, hewa ikiwa na nyuzi 20, rubani anaweza kuiambia kompyuta kwamba ni nyuzi 50, ikiwa hesabu inaruhusu. Hewa halisi, ikiwa nzito kuliko ile ya kudhania, huacha akiba ya usalama. Mbinu hii haitumiki kwenye njia yenye theluji, barafu au maji yaliyotuama.

Mbinu ya pili ni kushusha daraja la injini, yaani kuichukulia injini kama yenye kikomo cha msukumo kilicho chini ya kile cha kawaida, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Katika halijoto ya kudhania, rubani anaweza kurudi kwenye msukumo kamili wakati wowote, kwa sababu kasi ya chini ya kumudu uelekeo, yaani mwendo mdogo kabisa ambao ndege bado inaweza kunyooshwa injini moja ikizimika, imekokotolewa kwa msukumo huo. Daraja likishushwa, kasi hiyo hukokotolewa kwa msukumo mdogo. Ukiuzidisha msukumo kupita daraja hilo wakati injini moja imezimika na mwendo bado ni mdogo, usukani wa mkia unaweza kushindwa kuizuia ndege isitoke njiani.

Kwenye njia ya kurukia, sukuma nyenzo za msukumo kiasi tu, ngoja feni za injini zote zilingane kwenye asilimia 40 hadi 50 ya kasi ya mzunguko, ndipo uzipeleke kwenye kiwango kilichokokotolewa. Injini za jeti huchelewa kuitikia zikiwa chini, tena hazichelewi sawasawa. Rubani asiyeendesha huhakiki vipimo kabla ya kasi ya noti 80 (kama kilomita 148 kwa saa). Msukumo wa kurukia kwa kawaida una kikomo cha dakika 5, hivyo muda mfupi baada ya kupaa hupunguzwa hadi ule wa kupandia.