Kichwa cha treni ya modeli kikiteleza, kiongezee uzito mahali pake

Magurudumu yakizunguka papo hapo huku mabehewa hayasogei, futa kwanza mafuta kwenye reli, kisha bandika vipande vya risasi (ile metali nzito) ndani ya bodi ya kichwa (na unawe mikono baadaye). Siri iko kwenye mahali: kilaze kichwa juu ya penseli, kinapaswa kutulia sawa penseli ikiwa katikati ya magurudumu yanayoendeshwa na mota. Uzito ukielemea nyuma, ya mbele hayaishiki reli vizuri. Usizidishe lakini. Kizuie kwa mkono, washa umeme kwa muda mfupi tu: magurudumu lazima bado yateleze. Yakigoma kuzunguka, punguza risasi, la sivyo utaunguza mota. Na kama gia imepasuka, uzito hausaidii kitu.